Ngome Tatu na Jogoo Mmoja

Ndugu zangu tunaosali pamoja siku ya Alhamisi, mmeniuliza mara nyingi habari za jogoo anayezunguka uani kwangu: kwa nini hachinjwi hata wageni wanapokuja, na kwa nini akiwika mimi hunyamaza katikati ya maneno. Nimewajibu kwa mkato, na wengine mmecheka. Sasa kifua kimetulia na nina nafasi, nawaandikia safari ile yote, tangu asubuhi hadi jioni. Nitaandika na yale yasiyonipendeza, kwa sababu bila hayo jogoo hana maana.

Mnamjua Riziki, binti wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea tangu hajaanza kusema. Mnajua pia alivyochumbiwa mara ya kwanza na mfanyabiashara mwenye maneno matamu. Tulikubali upesi, tukaja kugundua kwamba ana mke na watoto kule Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Riziki alikaa ndani wiki nzima bila kutaka kuonana na mtu. Kwa hiyo alipokuja mwalimu Wilondja, anayefundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Baraka, sikuwa na haraka tena.

Dada yangu, Mama Sifa, ndiye aliyepanga mambo. Alisema, "Kaka, Jumamosi ule Mwalimu anakwenda kuzunguka na gari. Panda naye. Muntu anaweza kudanganya saa moja. Lakini siku muzima, na mvua, na njaa? Angalia kitu moja tu: ni mwongo ao si mwongo. Jioni utatupa neno, na neno lako ndilo tutafuata."

Riziki alikuwa akipepeta unga pembeni. Hakuinua macho, lakini ungo ulisimama.

Kutoka Baraka

Mvua ilitutangulia. Saa kumi na mbili asubuhi ziwa halikuonekana, wala rasi ya Ubwari ng'ambo. Wilondja alifika na gari la kijivu lenye usukani upande wa kulia, kama magari mengi yanayovushwa kutoka Tanzania. Alishuka, akanifungulia mlango, akatandika gunia nikanyage pakavu. Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema, hata yule wa Misisi alikuwa hodari wa kufungua milango.

Nilipoketi, mguu wangu uligusa kitu chini ya kiti. Kilikuwa kiatu cha mtoto, chekundu, cha mguu wa kushoto. Mtoto wa miaka miwili hivi. Nikakisukuma kwa kisigino kirudi mahali pake, nikaanza kuomba kimya kimya.

"Gari hii ni yako?"

"Hapana, Baba. Ni ya mwenzangu tunayefundisha naye."

Jibu lilikuja haraka mno. Tena aliniita Baba, nami sikuwa nimempa ruhusa.

Lazima niwaeleze jinsi anavyosema, maana mambo yote yalitoka hapo. Wilondja ni mtoto wa Fizi, lakini alikulia kambini Tanzania, akasoma huko mpaka akamaliza. Kiswahili chake kimenyooka kama shati la Jumapili. Sisi tunasema niko nakwenda, yeye anasema ninakwenda. Sisi tunasema ngombe, yeye anasema ng'ombe, neno linampitia puani.

Nilimwuliza tunakwenda kuona nini hasa.

"Ngome, Baba. Katika kitabu chetu cha shule kuna sura ya zama za kati za Ulaya. Wanafunzi wangu wanajua kuchora ngome ya mfalme wa huko, na minara, na handaki la maji, na daraja la kuvutwa kwa minyororo. Nikiwauliza kama hapa kwetu paliwahi kuwa na ngome, wanacheka. Nimesikia ziko tatu. Nataka nizione, nizipime, nao wazichore."

Alinionyesha mchoro wa mwanafunzi mmoja, umehifadhiwa katika mfuko wa plastiki: ukuta mkubwa wa mawe wenye meno juu, na lango moja.

Neno hilo, ngome, watu wetu hawalitumii sokoni wala shambani. Mimi nalijua kwa sababu nimefundisha darasa la ubatizo miaka mingi, na nyimbo za kanisa zinalo. Ukimtajia mvuvi wa Baraka ngome, atakuuliza unasema nini. Hili likumbukeni.

Basi nikatazama nyuma: kamba ya katani, daftari, panga. Huku kwetu mtu anayepanda milima na kamba na daftari siku ya mvua hatafuti mawe ya kuchora. Anatafuta mawe ya kuuza.

Fizi, ndani ya ukungu

Barabara ya kupanda Fizi ilikuwa uji. Katikati ya mlima tulikuta lori lililobeba mihogo limelala ubavu, na vijana wakichimba chini ya magurudumu, wakiimba na kutukanana kwa furaha. Tulisubiri zaidi ya saa moja. Nilitoa maandazi niliyofungiwa na Riziki, tukagawana. Wilondja alichukua dogo, akaniachia makubwa mawili. Nikajiuliza anataka nini.

Kisha akatoa simu, akashuka mvuani, akaenda kusimama chini ya mgomba huku amenipa mgongo. Kwa nini mtu atoke pakavu akazungumze kwenye mvua? Nikateremsha kioo kidogo. Mungu anisamehe, niliteremsha. Upepo uliniletea maneno machache tu.

"... na tumbo lake? ... Sawa. Nitahakikisha. Usiogope, sitamwambia."

Nikapandisha kioo. Kiatu cha mtoto chini ya kiti, na sasa tumbo la mtu fulani. Nilihesabu miezi kwa vidole, nikamhurumia Riziki.

Fizi tuliikuta ndani ya ukungu, mtu anasikika kabla hajaonekana. Nyuma ya nyumba moja kuukuu tulionyeshwa mstari wa mawe unaofika magotini, mbuzi wawili wamejikunyata juu yake. Mzee anayelinda pale alisema, "Hii mawe? Mimi nilizaliwa nikaikuta. Babu naye alizaliwa akaikuta. Muko natafuta nini ndani?"

"Hatutafuti kitu ndani, Mzee. Tunatafuta ukuta wenyewe."

"Ukuta wenyewe," alirudia yule mzee, akanitazama mimi, kana kwamba anauliza kama kijana wangu ni mzima. Nilikuwa nauliza hilohilo.

Wilondja alinipa ncha moja ya kamba niishike, yeye akazunguka na ncha nyingine, akaandika, akachora. Alikuwa na furaha. Nilianza kukohoa kwa baridi. Akavua koti lake la mvua akanivika, yeye akabaki na shati. Nikalichunguza lile koti kama lina harufu ya nyumba ya mwanamke. Lilikuwa na harufu ya chaki.

Shamba la mihogo kando ya ziwa

Tulirudi chini, tukapita Baraka bila kusimama, tukafuata barabara ya ziwani kwenda kaskazini. Mvua ilikuwa imeshika ziwa na mlima pamoja, sisi tukapita katikati kwa barabara nyembamba. Watoto waliovaa magunia vichwani walitupungia mikono. Nilimshukuru Mungu kwa kila daraja tuliloliacha nyuma likiwa bado limesimama.

Kabla ya kufika Mboko kuna kilima chenye shamba la mihogo, na katikati ya mihogo kuna mawe yaliyopangwa pembe nne. Hatukuwa tumemaliza hata upande mmoja kupima, tukasikia sauti.

"Weye! We wa kamba! Juu ya nini unapima shamba yangu?"

Alikuwa mama wa makamo, jembe begani, maji yakimtiririka usoni.

"Mama, samahani, sipimi shamba. Napima mawe haya."

"Balikuja bengine banasema banapima barabara. Kesho yake shamba ya jirani ikakuwa ya mukubwa moja wa mujini. Mawe ni ya kufanya nini?"

"Ni ya kuwaonyesha wanafunzi."

Mama akacheka bila furaha. "Kama unapenda mawe, chukua! Chukua yote! Yanavunja jembe yangu kila mwaka. Muzee, huyu mutoto yako anatoka wapi?"

"Anatoka Baraka," nikasema. Sikusema kama ni mtoto wangu au si wangu.

Wilondja alimsihi asiyang'oe yale yaliyopangwa. Kwa malipo ya ruhusa, akambebea mawe yaliyolegea hadi mpakani, moja baada ya jingine, mpaka mama akasema inatosha, akatupa muwa. Tuliutafuna ndani ya gari. Nikawaza: mwongo hodari huweza hata kubeba mawe.

Mikeke ya Mboko

Mboko tulifika saa nane, njaa ikiwa imeshika. Kibanda cha chakula kilikuwa na meza mbili na moshi mwingi. Mama mwenye kibanda alimwona Wilondja, akapiga makofi. "Mwalimu yetu! Unalowana sawa samaki!"

Kumbe anajulikana hapa. Nikakaa vizuri nitazame.

Alileta bugali na samaki aina ya mikeke, waliochomwa wakatiwa ndani ya mchuzi mwekundu wenye pilipili. Halafu akaleta sahani ya pili, akaiweka mbele yangu. Samaki mweupe, mchuzi mwepesi, pembeni maji ya moto kwenye kikombe.

"Hii ya muzee haina pilipili hata moja," akasema.

Mnajua tumbo langu na pilipili haviketi meza moja. Lakini yeye alijuaje?

"Nani alikuambia, mama?"

Akamtazama Wilondja, wakacheka wote wawili. "Ah, muzee! Kula tu. Si kila kitu lazima uulize."

Nikamtazama mama yule vizuri alipogeuka. Alikuwa mnene chini ya kitenge. Nilikumbuka simu ya mlimani, na neno tumbo. Aibu iliyoje, mzee wa kanisa mwenye mvi kukaa kibandani akipima tumbo la mwanamke kwa macho! Lakini nilipima. Nikaona neno langu la jioni limekwisha kupatikana: hapana. Nilibakiza kumkamata waziwazi tu.

Samaki yule, nisiwe mkosefu wa shukrani, alikuwa mtamu kuliko wote niliokula mwaka huu.

Kijiji nisichokitaja

Ngome ya tatu ilikuwa mbele ya Mboko, njia ya kuelekea Makobola. Sehemu hizo zimebeba maiti wengi wa vita, nanyi mnajua. Mimi huvua kofia nikipita huko. Watu wake wana haki ya kumtazama mgeni mara mbili. Ndiyo maana kijiji chenyewe sikitaji jina.

Mto ulikuwa umefurika, gari haliwezi kuvuka. Chini ya upenu wa duka kulikuwa na vijana sita na pikipiki zao. Wilondja alifungua kioo, akawasalimu kwa adabu ya shule.

"Samahani, ndugu zangu. Tunatafuta ngome. Mnaweza kutuonyesha ilipo?"

Wakaangaliana. Mmoja, mrefu mwenye kofia ya sufu, akasogea.

"Munatafuta nini?"

"Ngome."

"Ngombe?"

"Ndiyo, ngome."

Hapo nilijua. Nawaapia, nilijua tangu neno la kwanza. Kwa Wilondja, ng'ombe ni neno jingine kabisa, halifanani na ngome hata kwa mbali. Hakusikia kwamba yule kijana amemwuliza juu ya mnyama. Na yule kijana katika maisha yake hajawahi kusikia neno ngome. Kwenye barabara ile yote, mtu aliyeyajua maneno yote mawili alikuwa mmoja, naye ameketi kiti cha kushoto, amevaa koti la mwenzake.

Nikanyamaza.

"Ngombe ya nani?"

"Ya zamani. Nadhani Wabelgiji ndio walioiacha."

"Babeleji baliacha ngombe huku kwetu?"

"Ndiyo. Nasikia imelala nyuma ya kijiji, majani yameifunika. Imebaki mgongo tu."

Kijana aligeuka akawatazama wenzake. Hakuna aliyecheka. "Na zingine?"

"Mbili tumeziona leo. Moja Fizi, moja huko nyuma katika shamba la mama mmoja. Tumezipima zote."

Mtu akapiga mluzi. Kabla sijasema Amina tulikuwa tumezungukwa, na mlango wa upande wangu umefunguliwa. Baadaye nilielewa. Miezi michache kabla yake walipita wageni wawili wapole, wakauliza kwa adabu mifugo ya kijiji iko wapi. Siku ya tatu mifugo ikachukuliwa kwa nguvu, na mlinzi wake mpaka leo hatembei vizuri.

"Muzee," akasema mwenye kofia ya sufu, "huyu ni nani yako?"

"Ni dereva," nikasema.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumkana.

Walitupeleka kwa chifu, mguu kwa mguu kwenye tope. Mama mmoja muuza samaki, beseni kichwani, alinitazama akashtuka. "Ee! Si ni Papa Mwalimu wa Baraka? Alifundisha dada yangu ubatizo! Papa, na huyu naye ni muntu yenu?"

"Hapana," nikasema. "Si wa kwetu."

Hiyo ni ya pili. Nilijiambia, acha nione atasema nini akibanwa, maana mwongo akibanwa hujulikana. Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeziona fimbo mikononi mwao, nikaogopa.

Baraza la chifu lilikuwa banda lisilo na kuta, limeezekwa nyasi nene. Tulipoingia, kelele za mvua zilikoma kama zimefungiwa mlango. Chifu alikuwa mtu mpole wa umri wangu. Vitu vya Wilondja vikawekwa mezani.

"Kamba hii ya kufunga nini?"

"Ni ya kupimia, Chifu."

"Kupima ngombe. Na hii?" Alikuwa amefungua mchoro wa mwanafunzi, ule ukuta wenye meno na lango moja. Aliutazama muda mrefu, akawaonyesha watu. "Angalieni. Ni zizi. Zizi ya mawe, kubwa hivi. Muko nakuja kujenga hii kwetu?"

Watu wakanung'unika. Wilondja akaeleza kwamba ni ngome ya wafalme wa Ulaya, na kila alipotamka lile neno mnung'uniko ulipanda. Kijana wa watu alitokwa jasho kwenye baridi ile. Alikuwa anasema kweli tupu, na kila kweli ilikuwa inamchimbia shimo.

Chifu akanigeukia. "Muzee wangu, wewe uko na uso ya kanisa. Mama huyu anakujua. Sema tu, wende zako nyumbani. Unamujua huyu muntu?"

Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Shati lake limemgandia mbavuni.

"Simjui," nikasema.

Chifu akamgeukia yeye. "Na wewe? Unamujua huyu muzee?"

"Huyu ni baba yangu," akasema Wilondja. "Kama kuna kosa, ni langu, mimi ndiye niliyemtoa nyumbani. Naomba mumkalishe karibu na moto. Ana kifua, anakohoa tangu asubuhi. Mimi niulizeni mnachotaka."

Nimesimama madhabahuni mara nyingi, ndugu zangu, nimefundisha watu nini maana ya ushuhuda. Pale aibu ilikuwa nzito kuliko hofu. Nikasimama.

"Chifu, nisamehe. Mimi ni mwongo. Huyu namjua. Ni mwalimu, anataka kuoa binti yangu. Na hatafuti ngombe."

"Yeye mwenyewe amesema ngombe!" akapaza sauti mwenye kofia ya sufu.

"Amesema ngome. Sikilizeni."

Sikujua niwaeleze vipi, kwa hiyo nikaimba. Nilichukua wimbo wa kanisa wenye neno lile, mstari mmoja, kwa sauti ya kikohozi. Muuza samaki alifungua mdomo, akatua beseni, akadaka mstari wa pili. Mama mwingine akaingia, na mwingine. Walikuwa wakiuimba tangu utotoni bila kujiuliza. Walipofika kwenye neno lenyewe wakasimama wote, wakatazamana.

"Ngome!" muuza samaki akapiga kelele. "Ngome ya mu wimbo! Bwana, anatafuta nyumba ya wimbo!"

"Anatafuta boma," nikasema. "Boma la mawe, la Wabelgiji."

"Boma!" Chifu akashika kichwa. "Mwalimu, sema boma! Juu ya nini husemi boma? Unasema ngombe imelala, imebaki mugongo!"

Kicheko kilianza kwa wamama, kikafika kwa vijana, wengine wakaegemea nguzo. Mwenye kofia ya sufu alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. "Na amezipima mbili!" alikuwa akirudia. "Moja iko Fizi!" Wilondja alicheka pia, akakusanya daftari na kamba.

Walitupeleka wenyewe kuiona. Haikuwa nyuma ya kijiji tena. Wazee walikuwa wameyabeba mawe yake zamani wakajengea msingi wa kanisa, mistari miwili mizuri chini ya matofali. Wilondja alipima, na mwenye kofia ya sufu ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba. Mimi niliketi kwenye ngazi. Sikuingia ndani.

Tulipoaga, chifu alileta jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. "Chukueni. Musiende kusema kwetu kuko batu babaya. Tunaogopa tu."

Kurudi na jogoo

Nilimpakata jogoo mapajani. Tulipita Mboko, tukapita kilima cha mihogo. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kuomba msamaha. Kila nilipofungua mdomo niliona jinsi alivyoshika usukani, wima, macho mbele, kama mtu anayeomba asiguswe.

Gari lilipoangukia shimo la kwanza, jogoo aliinua shingo akawika.

Ninyi mnaosikia kanisani kila Ijumaa Kuu habari ya mtume yule aliyekana na jogoo aliyewika, sina haja ya kuwaeleza. Maji yalinitoka machoni, nikayaacha.

"Baba, kifua kinauma?" akauliza Wilondja.

"Hapana," nikasema. Kisha nikasema, "Ndiyo."

Akapunguza mwendo, akidhani ni mashimo.

Neno

Tulifika Baraka jua la jioni likiwa limepasua mawingu upande wa mlima. Mwenye gari alikuwa ameshafika uani kwangu kulichukua. Alikuwa amebeba mtoto, na mguu wa kushoto wa yule mtoto ulikuwa wazi. Nikainama, nikachukua kiatu chekundu chini ya kiti, nikamvisha mwenyewe.

Riziki alipokea jogoo. "Baba, ulikula vizuri? Alinipigia asubuhi akiwa mlimani, anauliza tumbo lako linataka nini, akasema atamwagiza mama wa kibanda kule Mboko. Nilimwambia asikuambie, maana wewe ukijua unahurumiwa unakula pilipili makusudi."

Dada yangu, Mama Sifa, alikuwa ameketi sebuleni na wajomba wawili, ameweka mikono magotini. Hakungoja niketi.

"Kaka, siku imekwisha. Neno?"

Wilondja alitaka kutoka nje, kama ilivyo desturi. Nikamwambia abaki. Nikawaeleza yote mbele yake, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, bila kupunguza. Riziki alisimama mlangoni, jogoo mkononi. Nilipomaliza nikasema, "Nilikwenda kumpima mtu kwa kamba, na kamba imenirudia. Mimi sina neno la kutoa. Mwulizeni yeye, kama baada ya kusikia yale bado anataka kuingia katika ukoo wetu."

Wote wakamtazama. Alijikuna kichwa, akatabasamu kidogo.

"Kusikia yapi, Baba?" akasema. "Mimi pale kwa chifu sikusikia kitu. Mvua ilikuwa inapiga juu ya paa, kelele tupu."

Mama Sifa akapiga kigelegele. Wajomba wakanyanyuka kumshika mkono. Katika kelele ile dada aliniinamia sikioni, maana yeye hasahau alichouliza. "Na kile kitu moja nilikutuma uangalie? Ni mwongo ao si mwongo?"

Banda la chifu, ndugu zangu, lilikuwa la nyasi, na chini ya nyasi mvua haina sauti. Kila neno nililosema pale lilimfikia.

"Nimemkamata na uongo mmoja," nikamwambia dada yangu. "Mpeni binti."